Unaanza Kukusanya Komiki? Soma Hii Kabla ya Kuweka PIN

Mwenzetu mmoja wa huduma kwa wateja alifika kazini Jumatatu moja akiwa amekumbatia bahasha kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Ndani mlikuwa na komiki: The Incredible Hulk namba 181, ile ya mwaka 1974 ambamo Wolverine anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameilipia shilingi 4,500 kwa simu. Jalada lilikuwa linang'aa, bei iliyochapwa juu yake ilikuwa senti 25 za Marekani, na matangazo ya ndani yalikuwa yale ya zamani ya kuuzia watoto vitu kwa posta. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa harufu. Karatasi ya karibu miaka hamsini hainukii wino mpya.

Ilikuwa chapa ya kuigiza ya mwaka 2019. Marvel wenyewe waliitoa kihalali, ili msomaji wa leo aione komiki ile jinsi ilivyokuwa, matangazo na yote. Ikiwa mpya dukani huko Marekani iliuzwa kwa dola chache tu. Ukiisoma kwa makini utakuta imeandikwa mahali fulani kwa herufi ndogo kwamba ni Facsimile Edition, yaani nakala iliyochapishwa upya kwa kuifuata ya kale. Nakala halisi ya 1974 iliyo kamili, hata ikiwa imechakaa, huenda kwa bei inayoizidi hiyo mara nyingi, na ile safi kabisa hufika mamilioni ya shilingi. Hiyo pekee ingetosha kumshtua mtu anayeuziwa kwa 4,500.

Alikuja kutuuliza kama pesa inaweza kurudishwa. Tukasoma tangazo pamoja naye. Liliandika "Hulk 181, hali safi", basi. Muuzaji hakusema ni ya 1974, wala mwenzetu hakuuliza. Pesa ilikuwa imeenda kwa nambari sahihi, kiasi sahihi, na PIN ni yake. Mfumo wetu unajua pesa imetoka kwa nani na imeenda kwa nani. Haujui komiki ilichapwa mwaka gani. Kazi hiyo ni ya mnunuzi, na lazima ifanyike kabla ya kulipa.

Tunaandika haya kwa sababu watu wanaokusanya komiki hapa kwetu wanazidi kuonekana, na biashara yao nyingi hupitia simu: vikundi vya WhatsApp, kurasa za Facebook, meza za maonyesho kama Nairobi Comic Con. Sisi si wataalamu wa komiki kuliko mashabiki wenyewe. Lakini tunajua pesa hupotelea wapi, na wenzetu wanaokusanya wametufundisha mengine.

Bei hutoka wapi

Anayeanza hudhani komiki ni ghali kwa sababu ni ya zamani. Si kweli. Kinachoipandisha bei ni watu wengi kuitaka huku nakala zilizobaki zikiwa chache. Action Comics namba 1, iliyomleta Superman mwaka 1938, iliuzwa senti 10. Mwezi wa Aprili 2024 nakala moja ilipigwa mnada huko Marekani kwa dola milioni 6. Je, ilichapwa kidogo? Hapana, zilitoka nakala nyingi tu. Ila watoto walizisoma, wakazikunja, wakazipeana, mama zao wakazitupa. Leo inakisiwa zimebaki kama mia moja hivi duniani.

Sasa linganisha na ya pili. Mwaka 1991 Marvel walitoa X-Men namba 1 ikiwa na majalada matano tofauti, na zikaagizwa zaidi ya nakala milioni nane. Mwaka uliofuata DC wakamuua Superman katika Superman namba 75, iliyofungwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha msiba cha kufunga mkononi. Watu walipanga foleni. Wengine walinunua tano, kumi, wakaziweka bila hata kufungua, wakihesabu kwamba watawalipia watoto wao karo ya chuo kikuu. Shida ni kwamba kila mtu aliweka. Kitu ambacho kila mtu amekitunza vizuri hakiwi adimu hata kikifika miaka hamsini. Zaidi ya miaka thelathini baadaye X-Men ile bado hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana, na soko zima lilianguka vibaya hivi kwamba Marvel wenyewe wakaomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika mwishoni mwa 1996.

Kwa hiyo ukiona muuzaji anakuambia "hii ni namba moja, ni ya kuweka", usikimbilie simu. Muulize zilichapwa ngapi. Kama hajui, nenda ukatafute mwenyewe. Na ukiona komiki mpya imetoka na majalada saba, yote "ya wakusanyaji", ujue aliyefaidika ni mchapishaji. Angalia pia filamu. Black Panther alionekana kwanza katika Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966. Ilipokuja filamu ya 2018, ile aliyocheza Lupita wetu, kila mtu duniani alikuwa anaitafuta komiki hiyo kwa wakati mmoja. Anayenunua wiki ambayo filamu iko kwenye mabango yote hununua kileleni. Hadithi haiendi popote; subiri vumbi litulie.

Hapa nyumbani tuna mfano wetu, na unatuhusu kidogo watu wa pesa kwa simu. Shujaaz ilipoanza Februari 2010 ilikuwa ya bure. Ilitoka ndani ya gazeti la Jumamosi na ikagawiwa pia kwenye vibanda vya pesa kwa simu, mtu akija kutoa pesa anaondoka na komiki. Mwaka 2012 ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Nani aliyeweka matoleo yale ya mwanzo? Wachache sana, maana kitu cha bure hukitunzi. Sisi wenyewe hatukutunza. Hatukuambii kwamba yatakuwa mali. Tunachosema ni kwamba uadimu huletwa na kutupwa, na mara nyingi huanzia kwenye vitu ambavyo hakuna aliyeambiwa aviweke.

Kama unaanza na bajeti ndogo, tungeanzia hapo, nyumbani. Jarida la Joe, alilolianzisha Terry Hirst pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, lilikufa mwishoni mwa muongo huohuo. Pichadithi za miaka ya themanini zilisimulia ngano kama za Lwanda Magere na Abunuwasi kwa picha. Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi, alichora Akokhan kwenye magazeti yetu. Vitu hivi havina mwongozo wa bei. Hilo ni baya, kwa sababu muuzaji anaweza kutaja bei yoyote. Na ni zuri, kwa sababu kwa wale wauzaji wa vitabu vya chini, inama, unaweza kuipata ya shilingi mia katikati ya vitabu vya hesabu vya darasa la sita. Inama kweli, upekue. Hapo unaishika mkononi kabla ya kulipa, na huo ni usalama ambao hakuna programu ya simu inayoweza kukupa.

Kuiangalia kabla ya kuilipia

Maswali ni machache lakini yote yana uzito. Kwanza, ni chapa ya ngapi? Komiki ikiuzika haraka huchapwa tena, na chapa ya pili au ya tatu mara nyingi haifiki bei ya chapa ya kwanza. Jibu liko kwenye yale maandishi madogo ya ndani ya jalada au chini ya ukurasa wa kwanza, ambayo hakuna anayeyasoma. Omba picha yake. Wakati mwingine hata jalada hubadilishwa rangi ili kutofautisha. Kuna nyingine ambazo zimeghushiwa kabisa: Teenage Mutant Ninja Turtles namba 1 ya 1984 chapa yake ya kwanza ilikuwa kama nakala 3,000 tu, na nakala bandia zake zinajulikana sana kwa wakusanyaji. Ukipewa hiyo kwa bei ya urafiki, jiulize huo urafiki ulianza lini.

Pili, je, imekamilika? Hapa turudi kwa Hulk 181. Mwaka 1974 Marvel walianza kuweka ndani ya komiki zao stempu za karatasi, ambazo watoto walihimizwa kukata na kubandika kwenye kitabu chake. Watoto wakatii. Ndiyo maana kuna nakala halisi kabisa za 181, jalada zuri, lakini ukurasa mmoja una dirisha lililokatwa kwa makasi, na dirisha hilo linaangusha bei vibaya sana. Picha ya jalada haiwezi kukuonyesha. Mwombe muuzaji arekodi video fupi akifunua ukurasa baada ya ukurasa, na aweke pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Muuzaji wa kweli hukasirika kidogo, kisha anarekodi. Tapeli atakuwa na kisingizio: kamera imeharibika, au komiki iko kwa binamu yake Eldoret.

Tatu, hali yake. Maneno kama "iko fiti" au "kama mpya" hayana kipimo. Angalia mgongo kama una mikunjo midogo, pini za katikati kama zimeshika kutu, pembe kama zimejikunja, na kama kuna utepe wa gundi uliobandikwa kutengeneza mahali palipochanika. Huko nje kuna kampuni zinazopima hali kwa alama. CGC ya Florida, iliyoanza mwaka 2000, hutoa alama kuanzia 0.5 hadi 10 na kuifungia komiki ndani ya kasha gumu lenye nambari. Tofauti ya pointi moja tu huko juu inaweza kuwa tofauti ya pikipiki na baiskeli. Ukiuziwa iliyo ndani ya kasha, chukua ile nambari uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, usifuate linki uliyotumiwa, kisha ulinganishe na ulichoshika. Lakini kwa mtu anayeanza, tungesema kasha lisubiri. Komiki ya kusomwa ndiyo inayokufundisha karatasi nzuri inafanana vipi na mbaya.

Sasa pesa

Hapa ndipo tunapoletewa kesi nyingi, ziwe za komiki, viatu au simu za mtumba. Mfano wake haubadiliki. Tangazo zuri, bei iko chini kidogo ya kawaida, si chini sana hadi ushtuke. Unauliza, unajibiwa haraka na kwa heshima. Halafu: "Bro, kuna mwingine anakuja kuichukua jioni. Tuma hata elfu moja nikushikie." Unatuma ile elfu. Kesho yake mzigo uko tayari, tuma ya usafiri. Kisha kuna ada ya kufungasha. Ukihesabu umeshatuma zaidi ya bei ya komiki, na nambari imezimwa. Ile elfu ya kwanza ndiyo aliyokuwa akiitafuta, kwa sababu mtu aliyekwisha kutoa kidogo huona uchungu kukiacha, huongeza ili kukiokoa.

Kwa hivyo muuzaji usiyemjua usimpe malipo ya kushikiwa. Kama komiki itaenda kwa mwingine, iende. Mkiwa mji mmoja, kutaneni mahali penye watu, uifunue, uiangalie, kisha ulipe hapohapo kwa simu. Pesa ya simu inafika sekunde ileile, hakuna sababu ya kuitanguliza. Mkiwa miji tofauti, tafuta huduma za vifurushi au za mabasi ambazo zinakubali kulipwa mzigo ukifika, au mpate mtu mnayemwamini nyote wawili akaione kwa niaba yako. Vikundi vizuri vya wakusanyaji huwa na mtu kama huyo, na huwa na kumbukumbu ya nani ameuza nini kwa nani. Uliza humo kabla ya kuuliza bei. Muuzaji akisema "usiwaambie kikundini, hii ni yako tu", basi hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Unapolipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Watu wengi hubonyeza tu. Ikiwa umezungumza na Kevin na jina linalotokea ni la mwanamke usiyemsikia, simama. Inawezekana ni dada yake kweli. Inawezekana pia ni laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Muuzaji mwenye duka au meza ya kudumu kwa kawaida huwa na nambari ya till yenye jina la biashara. Akikwambia till imekwama leo, tuma kwa nambari hii ya kibinafsi, subiri till ipone. Sababu ni ya kawaida tu: biashara yenye till ina anwani na mtu wa kuulizwa, na meseji yako ya malipo inaonyesha ulilipa biashara gani.

Na meseji hiyo usiifute. Ihifadhi pamoja na picha za tangazo, mazungumzo yenu na ile video. Kukitokea ubishi, ndizo tutakazokuuliza, na polisi watakuuliza hizohizo.

Umegundua umekosea? Piga simu papo hapo, usingoje asubuhi. Ombi la kurudisha pesa hufanikiwa kama pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Akishaitoa kwa ajenti, sisi hatuna mkono wa kuifikia huko, na shauri linakuwa la polisi. Kuna tofauti pia ambayo wateja hawaipendi tunapowaeleza: kutuma kwa nambari isiyo sahihi ni kosa tunaloweza kusaidia, lakini kulipa mtu uliyekusudia kumlipa na kisha kutoridhika na bidhaa ni mgogoro wa mnunuzi na muuzaji. Yule mwenzetu wa Hulk alikuwa kwenye kundi la pili, na anafanya kazi kwetu.

Jambo la mwisho la pesa ni gumu kusemwa na kampuni kama yetu, lakini tutalisema. Usikope kwa simu ili ununue komiki. Mkopo una ada leo na tarehe ya kulipa mwezi huu. Komiki, hata ile nzuri, inaweza kukaa miaka bila kupata mnunuzi. Haikatiki vipande ukauza nusu ukilipa karo. Tenga kiasi kidogo kwenye akaunti ya akiba kila wiki, na kikiisha, mwezi umeisha. Njia rahisi ya kujua kama unalipa kupita kiasi ni kujiuliza kama ungefurahi kubaki nayo iwapo hakuna atakayeinunua kamwe.

Ukiagiza kutoka nje

Bei ya dola unayoona ni mwanzo tu. Ongeza ubadilishaji wa fedha, ada ya kadi, usafirishaji ambao mara nyingi huzidi bei ya komiki yenyewe, na kodi za forodha mzigo ukitua. Piga hesabu yote kwa shilingi kabla ya kubonyeza. Wakusanyaji wengi huungana watatu au wanne wakaagiza kifurushi kimoja, wakagawana usafiri. Mkifanya hivyo, andikeni nani ametoa ngapi na kwa komiki ipi, maana urafiki mwingi umevunjikia kwenye shilingi mia nane za forodha. Mwambie muuzaji aweke kadibodi pande zote mbili. Komiki ya alama 9 ikikunjwa njiani inafika ikiwa ya 6, na hakuna wa kukurudishia tofauti.

Ikifika, iweke wima ndani ya sanduku, kwenye mfuko wake angavu wenye kadibodi isiyo na asidi, mbali na jua na ukuta unaotoa unyevu. Mombasa na Kisumu hewa ina maji mengi, kwa hivyo chumba kipate upepo na sanduku lisikae sakafuni. Mchwa hawajui chapa ya kwanza na ya pili.

Ile Hulk ya shilingi 4,500 iko kwenye meza ya huduma kwa wateja, imeshaanza kukunjika pembe kwa sababu kila mtu huisoma wakati wa chai. Mwenzetu anaendelea kukusanya. Wiki jana alipata Pichadithi mbili kwa inama, akazifunua ukurasa kwa ukurasa palepale barabarani kwa dakika kumi nzima, muuzaji akimtazama, kisha akatoa simu.